Je, Wajua? Akili za Nje ya Ofisi

Ukishuka matatu Chaani, upande wa Changamwe, Mombasa, huendi mbali kabla hujaliona banda la wakala wa M-Pesa lililopakwa kijani: kidirisha cha nondo, daftari, na kalamu iliyofungwa uzi isije ikaondoka na mteja. Banda hilo limebeba akili za watu wengi.

Je, wajua kwamba M-Pesa haikuanza kama njia ya kutumiana pesa? Nick Hughes wa Vodafone alikusudia kuwarahisishia wakopaji wadogo kulipa mikopo, na serikali ya Uingereza ikachangia gharama. Majaribio yakaanza 2005 kwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Wateja wakafanya yao: wakatumiana, wakaweka pesa kabla ya safari na kuzitoa wafikapo. Safaricom ilipoizindua huduma hiyo Machi 2007, ilinadi kutuma pesa nyumbani.

Je, wajua kwamba hata kabla ya hapo watu walitumiana muda wa maongezi kama pesa? Ulinunua kadi, ukaikwangua, ukamsomea nduguyo namba kwa simu. Naye akaziuza, akapata ya unga.

Je, wajua kwamba programu ya ramani ya Ushahidi ilizaliwa kwa ombi? Katika vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, mwanablogu Ory Okolloh aliandika mtandaoni kuuliza nani angeweza kutengeneza ramani ya matukio. Waliojitokeza waliitengeneza kwa siku chache, Januari 2008. Na kwa kuwa programu hiyo ni huria, 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko.

Je, wajua kwamba 2017 Safaricom ilizindua Daraja, mlango wa waandishi wa programu wasio waajiriwa wake kuunganisha kazi zao na M-Pesa?

Je, wajua kwamba mashine hujifunza Kiswahili kwa sauti za kujitolea? Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sentensi zinazosomwa na watu wa kawaida. Mashine iliyolelewa kwa Kiswahili sanifu pekee hujua “njia” na “nje”. Mmvita, mwenyeji wa Mombasa, akisema “ndia” na “nde”, itababaika. Hapo mhandisi, awe na shahada ngapi, hana budi kumsikiliza bibi wa Mombasa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.