Majirani wa Serengeti na Hesabu ya Utalii

Wageni wengi wanaokuja kutazama nyumbu wakivuka Mto Mara, aghalabu kati ya Julai na Oktoba, hutua kwa ndege ndogo katika uwanja wa Kogatende uliomo humo humo katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, wakalala kambini siku zao chache, kisha wakaondoka kwa njia ile ile ya angani bila ya kukanyaga soko la Mugumu wala kijiji hata kimoja cha Tarime. Hapo ndipo panapomfaa kuanzia mtu anayetaka kufahamu kwa nini wakazi wa wilaya za Serengeti na Tarime, mkoani Mara, wakiulizwa kheri iliyowajia kwa utalii, hushukuru na kulalamika katika pumzi moja.

Wala isidhaniwe kwamba watu hawa ni maadui wa wanyama. Wakurya, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangurimi waliishi kandokando ya nyumbu na ndovu dahari nyingi kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1951, na Waikoma wanazo pembe za ndovu ziitwazo Machaba, ambazo kwao ni amana takatifu ya kabila zima. Kinachowauma ni ardhi. Hifadhi, ambayo leo ni kilomita za mraba 14,763, ilikua kwa awamu: Lamai, ng'ambo ya kaskazini ya Mto Mara, iliingizwa katika miaka ya 1960, na mwaka 1994, kando yake, yakatangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Kwa hiyo mfugaji wa Tarime, aonapo vigingi vya mpaka vikipandwa karibu na malisho yake, huviona kuwa ni mwendelezo wa habari aliyokwisha kusimuliwa na babaye, na ghadhabu yake haitulizwi kwa kuonyeshwa ramani peke yake.

Nafuu nayo ipo, na ni dhulma kuificha. Shirika la Hifadhi za Taifa, kwa mpango wake wa ujirani mwema, limechangia madarasa, zahanati na maji. Na upande wa Wilaya ya Serengeti vijiji vitano, yaani Robanda, Nyichoka, Makundusi, Nata-Mbiso na Park Nyigoti, vimeungana katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, ambayo hupokea ada za kambi na hoteli zilizomo katika eneo lake na kuvigawia vijiji hivyo hisa zao. Hata humo kuna manung'uniko yanayostahili kusikilizwa. Kabla ya jumuiya, Robanda, iliyo karibu na lango la Ikoma, ilikuwa ikipatana yenyewe na wenye kambi na kuyapokea malipo yake yote. Ilipoingia katika ushirika ikatakiwa igawane sawa kwa sawa na wenzake, na wapo waliouona mgawo huo kuwa si wa insafu, ilhali kwa vijiji jirani ndio insafu yenyewe.

Lakini mizani haswa huvunjika shambani. Ndovu huingia usiku mahindi yakikaribia kukomaa, na mavuno ya mwaka mzima yakaliwa au kukanyagwa kabla ya alfajiri. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa mwili na roho. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa aila iliyofiwa. Na kwa mazao, kiasi kisichozidi shilingi 100,000 kwa ekari, tena kwa ekari zisizozidi 5. Viwango vimepandishwa tangu hapo, nalo ni jambo jema. Hata hivyo malipo hayo hayakukusudiwa kuwa fidia, bali pole, na pole haimlishi mtoto hadi msimu mwingine.

Kwa maoni yangu, kiini cha hitilafu ndicho hiki: faida ya utalii humfikia mkazi ikiwa mali ya umma, darasa ambalo mwana wa kila mtu husomea, ilhali hasara humfikia mtu mmoja kwa jina lake, usiku wake, katika ekari zake. Mjane wa mpakani aliyekesha akipiga madebe kufukuza ndovu hawezi kuambiwa kwamba amekwisha kulipwa kwa kuwa kijiji kimepata zahanati. Na kijana aliyeajiriwa kambini, ambaye mshahara wake huwasomesha wadogo zake, naye hasemi uongo anapousifu utalii. Wote wawili ni wakazi wa wilaya moja, na huenda ni wa kijiji kimoja.

Hata faida hiyo ya umma haina hakika: mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowazuia wageni, ilidhihirika jinsi mapato ya utalii yalivyo tete kwa vijiji vilivyoyategemea.

Nawasihi wakuu wa hifadhi na halmashauri za Tarime na Serengeti waanze na mambo yaliyo ndani ya uwezo wao: hesabu za mapato ya wageni zisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kila kijiji, kambi zihimizwe kununua mbuzi, mboga na unga kwa wakulima wa Mugumu na Tarime, na kifuta jasho kimfikie mwenye shamba kabla mvua za kupandia hazijaanza.