Wimbo Upi Utangulie? Kupanga Nyimbo za Albamu ya Kwaya



Muhula uliopita kwaya ya darasa letu la falsafa ilimaliza kurekodi nyimbo kumi. Tulidhani kazi imekwisha. Jioni ileile fundi wa studio akatuuliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria hata kidogo: zifuatane vipi? Kila mmoja akasema lake. Wa besi walitaka utangulie wimbo ambao besi inasikika vizuri, na mpiga kinanda alikuwa na wake. Tulikaa majuma mawili bila kuafikiana. Tuliyojifunza humo tunayaandika kwa ajili ya wanakwaya wa parokiani, maana wengi wako njiani kuelekea studio.

Zipo albamu zisizo na shida hii. Missa Luba, iliyoimbwa mara ya kwanza Kamina, Katanga, mwaka 1958 na kwaya ya Padre Guido Haazen kutoka Ubelgiji, ni sehemu za Misa zenyewe: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Benedictus, Agnus Dei. Hakuna cha kujadili hapo, liturujia imekwisha kupanga. Lakini albamu zetu nyingi ni mchanganyiko. Kuna wimbo wa Bikira Maria, wa matoleo, wa Noeli, wa shukrani, na pengine wa ndoa ya mwanakwaya.

Sisi tukaona tuige Misa hata hivyo: mwanzo, matoleo, komunyo, shukrani, mwisho. Kwenye karatasi ulipendeza sana. Tulipousikiliza mpango huo bwaloni, ukaanguka. Nyimbo za komunyo zilikuwa tatu, zote za taratibu, zote Doh ni G. Kufikia wa tatu wenzetu walikuwa wanazungumza habari za mpira. Ndipo tukaelewa tulichosahau: katika Misa, kati ya wimbo na wimbo kuna masomo, mahubiri, sala, na kimya. Katika albamu wimbo unagusana na wimbo. Nyimbo mbili zenye Doh moja na mwendo mmoja husikika kama wimbo mmoja mrefu usiokwisha, hata kama kila mmoja peke yake ni mzuri.

Kwa hiyo tukaacha kusikiliza nyimbo nzima. Tulisikiliza sekunde kumi za mwisho za wimbo mmoja na sekunde kumi za kwanza za unaofuata, tena na tena, tukibadilisha. Ukitoka Doh F kwenda Doh G, ni kama mtu amefungua dirisha. Ukitoka kwenye ngoma na kayamba ukaingia moja kwa moja kwenye kinanda laini, msikilizaji anadhani redio imepungua sauti, anaiongeza, kisha wimbo unaofuata unamshtua.

Waliotutangulia hawakuwa na uhuru huu wote. Santuri ndefu, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1948, ilibeba dakika ishirini na kitu kila upande. Tena sindano ikikaribia katikati ya santuri, mfereji unaopita chini yake kwa kila sekunde huwa mfupi zaidi, na sauti za juu hupoteza ung'avu. Ndiyo maana mafundi wengi walipenda upande uishie kwa wimbo mtulivu. Kaseti walizokuwa nazo wazazi wetu zilikuwa na sharti lake: ya dakika 60 ilikuwa na 30 kila upande, na pande zisipolingana msikilizaji anabaki na mkanda mtupu unaozunguka. Lakini pande mbili zilimaanisha pia mianzo miwili na miisho miwili. Diski ya CD ilifuta jambo hilo, na sisi tunaona tulipoteza kitu.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo, anaeleza kuwa mtu anapoimba wimbo anaoujua, matarajio yake yanapungua kadiri kumbukumbu inavyoongezeka. Darasani tuliyasoma hayo kama suala la wakati. Studio tukayaona kwa masikio: hakuna wimbo wa nne unaosikika peke yake, unasikika ukiwa na watatu walioutangulia.

Ugumu ulikuwa kwenye wimbo mmoja. Mwenzetu wa darasa alitutoka mwaka jana, na tulirekodi wimbo wa kumwombea. Kwanza tuliuweka wa mwisho, kwa heshima. Albamu nzima ikageuka msiba, hata wimbo wa Noeli ukawa kama unaelekea makaburini. Tukauweka wa kwanza, ikawa vibaya zaidi. Mwishowe tukauweka wa saba. Hapo likazuka la pili: hakuna aliyetaka utunzi wake ufuate baada ya huo. Tulichagua wimbo wa Bikira Maria kwa sababu unaanzwa na sauti moja bila kinanda, na tukamwomba fundi aache kimya cha sekunde sita kabla yake, badala ya mbili alizoziacha kwingine.

Wako watakaosema siku hizi watu wanasikiliza kwenye simu wanavyotaka. Ni kweli. Lakini mwaka 2021, Adele alipotoa albamu yake, Spotify iliondoa kitufe cha kuchanganya nyimbo kisiwe cha kwanza kwenye ukurasa wa albamu, kwa ombi lake. Sisi hatuna uwezo huo, tuna flashi. Na flashi ina hila zake: redio nyingine hupanga nyimbo kwa majina, nyingine kwa jinsi zilivyonakiliwa. Anzeni jina la kila wimbo kwa namba, na iwe 01, 02, siyo 1, 2, la sivyo wa kumi unaweza kusikika kabla ya wa pili. Kisha zinakilini moja moja kwa mpangilio huo.

Haya tumeyajua kwa kuchelewa. Flashi ya kwanza tuliyoipeleka nyumbani kwa marehemu haikuwa na namba, na jina la wimbo wake linaanza na herufi A. Mama yake alipowasha redio, ndio uliomlaki. Mwenzetu anayetoka kijiji cha jirani atampelekea nyingine mwezi huu.