Saa Ibaki Mezani

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaukumbuka mchakamchaka. Alfajiri umande haujakauka, wengine pekupeku, kiranja anaanzisha wimbo na sisi tunaitikia huku vumbi likitimka. Hakuna aliyejua tumekimbia kilomita ngapi. Tulifika kwenye mwembe, tukageuka. Ukiondoa fimbo za waliochelewa, palikuwa na raha yake.

Siku hizi nafundisha watu wazima kukimbia. Mtu anamaliza mbio zake Coco Beach, anatazama mkono, anakunja uso, kisha anaanza kuzunguka maegesho ya magari ili 9.8 igeuke 10. Bahari imejaa, upepo mwanana, pumzi yake haina tatizo, lakini mita 200 zimemharibia asubuhi.

Wimbo wa mchakamchaka nao ulikuwa kipimo, tena kizuri. Ili uimbe, lazima utoe hewa taratibu, kwa mkupuo mrefu. Unapokimbia kwa wepesi, mwili unakuruhusu. Ukizidisha, misuli inatoa asidi nyingi, mwili unaipoza, na katika kuipoza hewa ya ukaa inaongezeka kwenye damu. Ubongo unaamuru itolewe nje upesi, na hapo ndipo sentensi inakatika katikati. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima, uko kwenye mwendo unaojenga moyo na pumzi bila kukuchosha. Ukibakiwa na neno mojamoja, umevuka. Kiranja wetu hakufundishwa hayo na mtu, ila wimbo ulipofifia nyuma ya mstari alijua amewakimbiza mno wadogo.

Wataalamu walikuja kuiwekea namba hali hiyo. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg, alianza kutengeneza kipimo ambacho mtu anataja mwenyewe jinsi kazi inavyomwelemea, kuanzia 6 hadi 20. Namba hizo zina sababu: zidisha kwa 10, utakaribia mapigo ya moyo kwa dakika ya kijana mwenye afya. Hakuna kifaa wala chaji, unaulizwa tu unajisikiaje.

Saa inajua kasi. Mwili unagharamia juhudi, na viwili hivyo haviendi sambamba. Chukua kasi ya dakika 6 kwa kilomita. Dar es Salaam mwezi Julai, kipupwe kikivuma, ni matembezi ya raha. Januari, joto limepanda na hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, kwa hiyo haliupozi mwili. Moyo unapeleka damu kwenye misuli na tena kwenye ngozi ili joto litoke, unadunda zaidi kwa kasi ileile. Anayeing'ang'ania kasi yake ya Julai anajitesa, na akishindwa anadhani amezorota. (Na umbali wenyewe ni makadirio. Kati ya maghorofa ya eneo la Posta, mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta kabla ya kufika mkononi.)

Kuhusu raha, mwaka 2016 mtafiti Jordan Etkin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alichapisha majaribio ambamo watu walipaka rangi, walisoma na kutembea. Waliohesabiwa walichofanya walifanya zaidi, lakini walifurahia kidogo, na hamu ya kuendelea ikapungua. Kuhesabu kuligeuza burudani kuwa kazi. Naamini hicho ndicho kinachowatoa wengi barabarani, kuliko uvivu wanaosingiziwa.

Anayejiandaa kwa kilomita 42 ana siku zake za kutazama saa, simkatalii. Lakini hata mafunzo ya kasi yana njia ya mchezo. Miaka ya 1930 kocha Gösta Holmér, Msweden pia, aliwazoesha wanariadha kuongeza na kupunguza mwendo wanavyojisikia njiani. Nawe fyatuka mpaka nguzo ya umeme ya tatu, jivute mpaka kwa muuza madafu, kisha amua upya.

Anayemeza dawa zinazopunguza mapigo ya moyo asiitegemee namba ya mapigo iliyo mkononi. Amwone daktari kwanza, kisha asikilize pumzi. Wengine tukutane alfajiri. Anayejua kuanzisha wimbo akae mbele.