Vita vya mezani kwa njia ya mtandao: Kanuni inayomlinda mchezaji wa Mavivi

Ukitoka mjini Beni kuelekea kaskazini kwa barabara ya taifa namba 4, unapita Mavivi kabla ya kufika Oicha. Hapo ndipo ulipo uwanja wa ndege unaouhudumia mji wa Beni, na ndipo walinda amani wa Umoja wa Mataifa walipoweka kambi kwa miaka mingi. Tangu Oktoba 2014, yalipoanza mauaji ya raia katika eneo la Beni, wakazi wa ukanda huu hupanga siku yao kwa kuuliza kwanza kama barabara ni salama. Giza likiingia, kila mtu anataka awe kwake.

Hali hiyo huumiza pia mambo madogo, kama klabu za michezo zinazokutana jioni baada ya kazi. Ndiyo maana shindano la mtandaoni linavutia. Mchezaji wa Mavivi, mwenzake wa Butembo na mwingine wa Kampala au Nairobi wanaweza kukabiliana bila yeyote kupanda pikipiki usiku.

Lakini shindano hilohilo linaweza kumtoa nje mchezaji lililokusudia kumfikia. Umeme ukizimika au mtandao ukipotea, anahesabiwa ameshindwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwandaaji si programu gani atatumia, bali atafanya nini mchezaji mmoja akipotea hewani.

Kutoka jeshini hadi mezani

Michezo ya vita vya kihistoria huchezwa juu ya ramani. Kila mchezaji hushika upande mmoja wa vita vilivyokwisha kupita, husogeza vikosi kwa kanuni zilizoandikwa, na dadu huamua mambo ambayo vitani huitwa bahati.

Mwaka 1824, Georg von Reisswitz, afisa wa jeshi la Prussia, alichapisha kanuni za mchezo wa kuwafundisha maofisa wenzake. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za vita vya askari wa bandia, na mwaka 1954 Mmarekani Charles Roberts akaanza kuuza mchezo wa ramani ulioitwa Tactics. Sataranji, ambayo wengi huiita chesi, ni mkubwa wao wote. Jina lake linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita.

Historia ya kuchezea haikosekani katika ukanda huu. Desemba 26, 1915, mashua mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani katika Ziwa Tanganyika. Septemba 19, 1916, Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, liliingia Tabora. Mwandaaji makini hatawasahau wapagazi, maelfu kwa maelfu, waliobeba risasi na chakula cha majeshi hayo. Mchezo usiohesabu mizigo na njaa hufundisha uongo kwamba jeshi hutembea kwa amri peke yake.

Mechi 32 badala ya 120

Tuseme wamejiandikisha wachezaji 16. Kila mmoja akicheza na wote, zitahitajika raundi 15 na mechi 120. Huko ni kuomba umeme na mtandao mara 120, na wachezaji wengi watachoka kabla ya nusu ya safari.

Mfumo wa Uswisi hupunguza mzigo huo. Hakuna anayetolewa, katika kila raundi, mchezaji hupangiwa mpinzani mwenye pointi sawa au zinazokaribia zake. Kwa wachezaji 16, raundi nne zinatosha kumpata asiyeshindwa, endapo hakuna sare. Hizo ni mechi 32 tu. Aliyepoteza mechi ya kwanza kwa sababu ya mtandao bado ana raundi tatu mbele yake, jambo ambalo mfumo wa mtoano haumpi.

Linafuata suala la saa. Mashariki mwa Kongo na Kinshasa hazifuati saa moja, na Kenya, Uganda na Tanzania ziko mbele zaidi. Mechi ya saa 20:00 ya Nairobi ni saa 19:00 Beni na saa 18:00 Kinshasa. Kwa wa Nairobi ni burudani baada ya chakula. Kwa wa Mavivi giza limeshaingia, na kama alitegemea kuchaji simu au kutafuta mtandao nje ya nyumba yake, amechelewa. Mechi ya Jumamosi saa 15:00 ya Beni, ambayo ni saa 16:00 ya Nairobi, inampa kila mtu mwanga wa mchana. Ratiba iandikwe kwa saa 24 na itaje mji, kwa sababu “saa tisa” inaweza kueleweka kwa namna mbili.

Mtandao ukikatika

Hata mashindano makubwa yameteleza hapa. Agosti 2020, wakati wa janga la korona, Shirikisho la Kimataifa la Chesi, FIDE, liliandaa Olimpiadi yake ya kwanza mtandaoni. Katika robo fainali, Haik Martirosyan wa Armenia alipoteza mtandao akicheza dhidi ya Nihal Sarin wa India, akahesabiwa ameshindwa. Armenia ilikata rufaa, ikakataliwa, nayo ikajitoa kwa hasira.

Siku chache baadaye, Agosti 30, India ilikutana na Urusi katika fainali. Safari hii hitilafu ya intaneti iliyotikisa nchi nyingi iliwaangusha Wahindi wawili, Divya Deshmukh na Nihal Sarin yuleyule, na saa zao zikaisha. India ikakata rufaa. Rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, aliamua kwamba timu zote mbili ni mabingwa.

Huenda kila uamuzi ulikuwa na hoja yake. Lakini shindano moja lilikuwa na matukio mawili yanayofanana na majibu mawili tofauti, na Armenia ilikuwa imekwisha kuondoka. Klabu ndogo haiwezi kumudu ugomvi wa namna hiyo. Wachezaji wanne wakisusa, hakuna shindano.

Wakongomani wanajua pia kwamba kukatika si lazima kutokane na ajali. Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na huduma ikarejea baada ya takriban siku 20. Kanuni zinazosema kila mchezaji awajibike kwa mtandao wake zimeandikwa na mtu asiyewahi kupata siku 20 za namna hiyo.

Polepole ndio mwendo

Dawa yake ni ya zamani. Kabla ya intaneti, watu walicheza chesi kwa barua, hatua moja kwa kila bahasha. Leo Lichess, tovuti isiyotoza ada iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, inaruhusu mechi ambazo kila hatua hupewa muda wa siku moja hadi 14. Kwa michezo ya ramani ipo Vassal, programu ya bure ya kompyuta, ambayo wachezaji wanaweza kuitumia kwa kutumiana faili kwa barua pepe badala ya kukaa hewani pamoja.

Asiye na kompyuta naye ana njia, na ni ileile ya Reisswitz: wachezaji huandika amri, mwamuzi peke yake ndiye mwenye ramani kamili, hurusha dadu na kumwambia kila mmoja kile ambacho kamanda wake angeweza kukiona. Kazi hiyo inafanyika kwa ujumbe wa WhatsApp na haimalizi mega za intaneti.

Kanuni ya kukatika basi inaweza kuandikwa kwa mistari michache kabla ya raundi ya kwanza. Kila mchezaji apewe siku tatu kwa kila hatua. Awe na akiba ya siku saba za kutumia mara moja bila kuulizwa sababu. Eneo zima likikosa mtandao, saa za wachezaji wake wote zisimame mpaka urudi. Mwamuzi awe mtu asiyecheza, na awe na msaidizi anayeishi mji mwingine, ili Beni ikizimika shindano lisizimike nalo.

Tahadhari ya mwisho

Limebaki jambo moja ambalo mwandaaji wa Ulaya hahitaji kulifikiria. Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Katika mazingira hayo, ujumbe usemao “kikosi changu kinavuka daraja alfajiri” ukitoka nje ya kundi unaweza kuwakimbiza watu majumbani mwao, au kumfanya aliyeuandika ashukiwe na vyombo vya usalama.

Kwa hiyo vita vya kuchezwa viwe vya kale, mbali na makundi yenye silaha ya leo, na ramani isiwe ya eneo la Beni. Mahali patajwe kwa namba za miraba, si kwa majina ya vijiji. Na kila amri ianze kwa maneno mawili ambayo hata msomaji wa bahati mbaya atayaelewa: MCHEZO, 1916.