Msahaulifu si Mwongo

Sisi walimu tuna mazoea ya kuamini kwamba aliyekosea husaidiwa kwa kusahihishwa. Imani hiyo nami niliishika kwa dhati, hata nyumbani, na sikuitilia shaka hadi nilipoitazama filamu ya The Father.

Filamu hiyo, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2020, ilizaliwa jukwaani. Mfaransa Florian Zeller aliiandika kwanza kama tamthilia, Le Père, ikaigizwa jijini Paris mwaka wa 2012. Baadaye Christopher Hampton aliitafsiri kwa Kiingereza, kisha wawili hao wakashirikiana kuandika mswada wa filamu, ambayo Zeller mwenyewe aliiongoza. Mnamo 2021 mswada huo ulipata tuzo ya Oscar, naye Anthony Hopkins, akiwa na umri wa miaka 83, akatuzwa kuwa mwigizaji bora wa kiume.

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Mzee Anthony anaishi London. Kumbukumbu zinampotea, na bintiye, Anne, anahangaika kumtafutia mtu wa kumtunza. Mzee hataki. Anamtuhumu mtunzaji mmoja kuwa amemwibia saa, ilhali ameificha mwenyewe. Anamtaja Lucy, bintiye mwingine, kana kwamba yu safarini, na kila amtajapo waliopo hunyamaza, maana Lucy alikwisha kufa.

Ajabu ni namna tunavyosimuliwa. Mzee anamkuta sebuleni mwanamume asiyemjua, anayedai kuwa ni mume wa Anne na kwamba nyumba ni yake. Mara Anne anaingia, lakini ni mwanamke mwingine kabisa: Olivia Colman tuliyemzoea hayupo, na mahali pake yupo Olivia Williams. Je, kuna njama ya kumnyang'anya mzee nyumba? Taharuki inapanda kama katika visa vya upelelezi, nasi twaanza kumsaka mhalifu. Twamsaka hadi mwisho tusimpate, kwa kuwa hayupo. Kinachomwibia mzee ni maradhi, nasi muda wote tumekuwa tukiona kwa macho yake.

Mwanafunzi wa fasihi na azingatie jambo moja. Katika tamthilia, samani hupungua onyesho baada ya onyesho, hadi jukwaa likakaribia kuwa tupu. Filamu haikuiga mbinu hiyo kama ilivyo. Hubadilisha rangi za kuta, viti na mapambo kidogo kidogo, hata mtazamaji akajishuku kwamba huenda ni yeye aliyesahau. Kuihamisha kazi kutoka jukwaani hadi kwenye filamu, basi, si kunakili. Ni kuitafutia dhamira ile ile njia nyingine ya kumfikia mtu.

Mimi ilinifikia kwa uchungu. Marehemu baba yangu, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa akiniuliza mama amekwenda wapi, na mama tulikuwa tumemzika zamani. Kila mara nilimjibu kwamba alifariki, nikataja na mwaka, kama ninayesahihisha daftari. Siku moja alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mbona hamkuniambia, mwanangu?" Nilikasirika. Nilidhani ananichokoza kwa ukaidi wa uzee. Leo naelewa kwamba kila jibu langu lilikuwa tanzia mpya kwake, naye alifiwa upya kila nilipofungua kinywa.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mnaoishi na babu na nyanya, simaanishi kwamba tuwadanganye wazee. Nasema tuiweke kando kalamu nyekundu. Mzee akimuulizia aliyekufa, yamkini hataki tarehe. Huenda ametamani tu kumzungumzia, nasi twaweza kuketi na kumwomba atusimulie. Wahenga walinena: hujafa hujaumbika. Ipo siku nasi tutauliza swali lile lile mara ya kumi, na tutamhitaji mtu wa kutujibu kana kwamba ni mara ya kwanza.