Bata Mzinga kwa Mkaa wa Juu na Chini

Alhamisi ya nne ya Novemba ni siku ya kazi Dar es Salaam. Daladala zimejaa, shule hazijafungwa, na ukimwambia bosi wako kwamba leo unakwenda kula bata mzinga atakuuliza utarudi ofisini saa ngapi. Ndiyo maana Wamarekani wengi wanaoishi huku huisogeza Sikukuu yao ya Shukrani hadi Jumamosi. Tarehe wanaiachia bila kinyongo. Chakula je? Hapo hawataki mchezo.

Nimealikwa kwenye karamu hizi mjini na mikoani, na kila mara nakuta jambo lile lile: Mmarekani akiwa ugenini huwa mshika mila kuliko alivyokuwa kwao. Aliyekuwa akiikwepa sahani ya maharage mabichi ya shangazi yake miaka nenda rudi, akifika huku atazunguka maduka ya Masaki na Oysterbay kutwa nzima akitafuta kopo la supu ya uyoga, maana bila kopo hilo sahani yenyewe haipikiki.

Wala si mila ya kale sana. Mchanganyiko huo wa maharage mabichi, supu ya uyoga na vitunguu vya kukaanga ulibuniwa mwaka 1955 na Dorcas Reilly, aliyekuwa akifanya kazi katika jiko la majaribio la kampuni ya Campbell, huko Camden, New Jersey. Kazi yake ilikuwa kutafuta mapishi yatakayowafanya watu wanunue supu. Na cranberry, yale matunda madogo mekundu machachu yanayolimwa kwenye mashamba ya majimaji ya Wisconsin na Massachusetts, yalianza kutiwa kwenye makopo na wakili mmoja, Marcus Urann, mwaka 1912. Leo wapo watu wazima wenye shahada mbili mbili ambao hawaitaki cranberry iliyopikwa nyumbani. Wanataka ile inayochomoka kwenye kopo ikiwa imeganda, imesimama wima, alama za mikunjo ya bati zikionekana ubavuni. Nilidhani ni utani mpaka nilipoiona mezani, imekatwa slesi, imepangwa kwenye sahani nzuri ya wageni. Hakuna aliyecheka.

Mimi nani niwasimange? Mtanzania aliyeko Muscat au Houston naye ana Blue Band yake na majani yake ya chai, vitu ambavyo alipokuwa nyumbani hakuwahi kuviwazia mara mbili. Mizigo ya wanaokwenda kuwatembelea watoto wao Ulaya mnaijua wenyewe: dagaa, unga, viungo vya pilau, na nguo chache za kuzibia nafasi zilizobaki.

Lakini ukitoka mjini, duka lenye makopo hakuna, na hapo ndipo mambo hunoga. Vijana wa Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, ambao kundi lao la kwanza lilifika Tanganyika mwaka 1961, wamekuwa wakipika karamu hii kwenye vijiji visivyo na oveni wala jokofu. Tatizo la kwanza ni ndege mwenyewe. Bata mzinga wa supamaketi ya Marekani amefugwa kwa ajili ya kifua. Ni mnene, hana mazoezi, akiingia kwenye oveni anatoka laini. Wa kijijini ametembea maisha yake yote na kukimbizana na mbwa. Mapaja yake ni misuli mitupu. Ukimwoka kwa kufuata kitabu cha Kimarekani, mtatafuna mpaka Krismasi.

Nilishuhudia ubishi juu ya ndege kama huyo mkoani Iringa, nyumbani kwa mwalimu mmoja wa sayansi wa kujitolea. Ndege alinunuliwa akiwa hai. Aliyechinja ni mzee jirani, kwa kuwa nusu ya walioalikwa walikuwa Waislamu, na asingechinja yeye wangeishia kula viazi. Mke wa yule mzee akamwagia ndege maji ya moto, akamnyonyoa, akamminya paja kwa vidole viwili.

“Mwanangu, huyu mchemshe kwanza.”

“Kwetu huwa hatuchemshi, mama.”

“Kwani huyu ni wa kwenu?”

Akachemshwa. Tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, ndimu, moto wa taratibu. Uma ulipoanza kuingia wakamwopoa, wakampaka siagi na kumhamishia kwenye oveni ya kienyeji, ile inayojulikana na kila aliyewahi kuoka keki bila umeme: sufuria kubwa ya shughuli, mchanga na mawe chini, sufuria nyingine ndani yake, sinia la kufunikia, mkaa chini na mkaa juu ya sinia. Siri yake ni kuweka mkaa mwingi juu na kidogo chini, la sivyo chini panaungua na juu panabaki peupe. Kitabu cha mwalimu kilisema nyama ya ndani ifike nyuzijoto 74. Mama alichoma uma pajani, akayatazama maji yaliyotoka, akasema tayari. Ubavu mmoja ulikuwa umeungua kidogo. Ndio uliogombewa.

Vitu vingine vilipata mbadala bila vita. Choya iliyochemshwa na sukari na maganda ya chungwa hadi ikawa nzito ilikaa mahali pa cranberry, na kwa maoni yangu iliishinda. Pai ya boga, ambayo kwao hutengenezwa zaidi kwa boga la kopo, ilipata boga lililovunwa juzi. Wageni waliotoka Pwani hawakuona ajabu ya boga tamu lenye mdalasini, maana futari ya boga la nazi na iliki wameizoea tangu utotoni. Walichouliza ni kwa nini tui limesahaulika. Mkate wa mahindi ndio uliokunjisha wazee nyuso. Unahitaji unga wa njano, na kwa waliokuwa na akili zao wakati wa njaa ya miaka ya sabini, mahindi ya njano ni chakula cha msaada. Waliuita unga wa Yanga, wakaula kwa shingo upande, na sasa mtu anawaletea mezani kama kitu cha fahari! Walionja kwa heshima.

Ukitazama historia, karamu hii ilianza kwa kula kilichopatikana. Wengi wa waasisi wa koloni la Plymouth walikuwa wamekwisha kuishi ugenini Uholanzi, mjini Leiden, tangu 1609, kabla ya kuvuka bahari mwaka 1620. (Mpaka leo ibada ya Shukrani hufanyika katika kanisa la Pieterskerk mjini humo.) Barua ya Edward Winslow kuhusu sherehe ya mavuno ya 1621 inataja ndege waliowindwa, na kulungu watano walioletwa na watu wa Wampanoag, wenyeji waliofika wanaume wapatao 90 pamoja na mfalme wao Massasoit. Bata mzinga haimtaji kwa jina, supu ya uyoga ndiyo kabisa. Kilichowapata Wampanoag baada ya hapo ni habari nyingine: tangu 1970 wenyeji wa asili hukusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza.

Kwingineko mbadala wenyewe uligeuka kuwa mila. Japani, ambako bata mzinga ni wa shida na majiko ya nyumbani ni madogo, kampuni ya KFC ilianza mwaka 1974 kuwashawishi watu wale kuku wake wa kukaanga wakati wa Krismasi. Sasa Wajapani wasio Wakristo huagiza ndoo zao wiki kadhaa kabla.

Na wetu walioko Marekani? Binamu yangu wa Minnesota humkata bata mzinga vipande kabla ya kumpika, jambo ambalo majirani zake huliona kama kufuru. Anamlaza usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi na pilipili manga, anambanika, kisha anampakua pembeni ya pilau na kachumbari. Chapati haikosi. Watoto wake, waliozaliwa huko huko, ndio wanaodai maharage ya supu ya uyoga, kwa sababu shuleni kila mtoto anayataja. Basi hufungua kopo kama ilivyoandikwa, huchanganya, huonja, hutikisa kichwa, na kuongeza pilipili mbuzi. Mwaka jana watoto walikomba bakuli lote kabla pilau haijafika mezani.