Ufanisi wa Njia za Kugawa Kumbukumbu ya Kompyuta

Programu inapofanya kazi huomba nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, huitumia, kisha huirudisha. Kwa kuwa nafasi hazirudishwi kwa utaratibu ule ule zilivyoombwa, baada ya muda hubaki mapengo ya ukubwa mbalimbali kati ya sehemu zinazotumika. Hapo ndipo hasara huanza: jumla ya mapengo yaweza kutosha, na hata hivyo ombi likakosa mahali, kwa sababu hakuna pengo moja linaloweza kulipokea.

Njia zinazojulikana zaidi ni tatu. Ya kwanza huchukua pengo la kwanza linalotosha. Ya pili huchunguza mapengo yote, ikachagua lile linalokaribiana zaidi na ukubwa wa ombi. Ya tatu, iliyoelezwa na Kenneth Knowlton mwaka 1965, ni ya mapacha: kumbukumbu hukatwa nusu kwa nusu, na nusu mbili pacha zikiwa huru huunganishwa tena. Hii ni ya haraka, lakini ombi la kilobaiti 33 hupewa 64, na 31 hukaa bure.

Kati ya mbili za kwanza, ipi ni bora? Tuseme yapo mapengo mawili, la kilobaiti 30 likitangulia la 28. Yakija maombi ya 26 na 30, njia ya kwanza huliweka la 26 katika pengo la 30, na ombi la pili hukataliwa ingawa zimebaki kilobaiti 32. Njia ya pili huyatimiza yote. Yakija maombi ya 20, 24 na 10, mambo hugeuka: njia ya kwanza huyatimiza yote matatu, ya pili hushindwa na la mwisho, ijapokuwa kilobaiti 14 zingali huru.

Basi mifano peke yake haitoi mshindi, sharti kupima. Kwa miaka mingi watafiti walipima kwa maombi yaliyobuniwa kwa bahati nasibu. Mwaka 1995 Paul Wilson na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, waliukosoa utaratibu huo: programu halisi haziombi ovyo, bali hufanya kazi kwa awamu, na vitu vilivyoombwa pamoja mara nyingi huachwa pamoja. Mwaka 1998 Mark Johnstone na Wilson walipima programu halisi, wakaona kwamba njia ya pili, na hata ya kwanza mapengo yakipangwa kwa kufuata anwani zake, hupoteza nafasi ndogo sana.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kulinganisha njia hizi na aanze kwa kurekodi maombi ya programu itakayotumika kweli, ndipo ahesabu hasara.